Mizunguko Elfu Tatu na Mia Mbili

"Wewe uliyesoma, hebu niambie," Baba aliniuliza, "huyu mtu anatengeneza au hatengenezi?"

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nami nilikuwa nimerudi nyumbani, mtaa wa Ziwani, nikiwa na maoni juu ya kila kitu: serikali, kanisa, mahari, hata namna jirani yetu alivyochemsha maharagwe. Lakini juu ya Fundi sikuweza kusema ndiyo wala la. Kisanduku chetu kilikuwa kwake kwa miezi mitatu. Kila tulipokwenda tulimkuta akikifanyia kazi, na kila tulipoondoka kilibaki vilevile.

Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la mtaa, kimeegemeana na cha mshona viatu. Alivaa koti refu la kahawia, la aina ile ambayo walimu wa sayansi huvaa maabara, na chini yake shati jeupe lililopigwa pasi. Ijumaa alivaa kanzu na kufunga kibanda kabla ya adhuhuri. Watu walisema kwao ni Pwani, wengine wakasema ni mzaliwa wa papa hapa mjini, na yeye hakujishughulisha kuwasahihisha. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita cha mtaa mzima. Vijana walimwigiza walipokuwa wakicheza kamari nyuma ya choo: "Ewe bwana, tafadhali, nipishe."

Redio alitengeneza siku hiyohiyo. Pasi, alitengeneza ukiwa umesimama. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu ambavyo watu walikuwa wakivitupa: vinanda vya santuri, hasa visanduku vyake vya umeme. Vinanda vingine vya zamani kutoka ng'ambo havikuchomekwa ukutani moja kwa moja. Vilikuja na kisanduku cha nje, kizito kama tofali, chenye transfoma ndani. Stima iliingia humo ikiwa kali na kutoka ikiwa imepozwa, kwa kiasi ambacho mota ya kinanda ingevumilia. Kisanduku kikinyamaza, kinanda kizima kinakuwa meza.

Hilo neno, kunyamaza, ni lake. Hakuwahi kusema kitu kimekufa au kimeharibika. Rafu ya nyuma ilikuwa na visanduku kumi na kitu vilivyonyamaza, kila kimoja na karatasi ya jina la mwenyewe. Nilizisoma karatasi zile siku moja akiwa msikitini na mshona viatu akilinda kibanda. Majina mawili nilijua ni ya watu waliokwisha kuzikwa. Nilipomuuliza Fundi kwa nini hawarudishii wenyewe, au watoto wao, alinitazama kana kwamba nimesema jambo lisilo na adabu.

"Niwarudishie nini? Bado sijamaliza."

Wakati huo niliamini kila fundi ni mwizi mwenye subira. Nilidhani anauza shaba. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hatujampelekea kisanduku chetu, nilikikwaruza alama chini kwa msumari, mistari miwili iliyokatana, na kila nilipofika kibandani nilitafuta sababu ya kukigeuza. Alama ilikuwapo daima. Hata bati lake alikuwa amelipangusa mafuta. Nadhani alijua ninachotafuta, kwa maana mara ya tatu au ya nne alinigeuzia mwenyewe, akasema bila kunitazama, "Haya, angalia, msomi," kisha akaendelea na kazi yake.

Kinanda chetu Baba alipewa na Mzungu mmoja aliyekuwa akihama, zamani, kabla sijazaliwa. Kisanduku chake kilikuwa na plagi ya pini tano, kila pini na stima yake, na hakuna duka mjini lililokuwa na kitu cha kufanana nacho. Nililizunguka jiji mwenyewe kuhakikisha. Kinanda kile kilikuwa na kasi tatu, na ile kubwa zaidi, ya sahani nzito za kale zinazovunjika kama vigae, ndiyo iliyotuhusu. Tulikuwa na sahani moja ya namna hiyo. Mama aliimba humo alipokuwa msichana wa shule, yeye na kwaya yao, kule magharibi, siku walipokuja watu na mitambo. Katika ubeti wa pili wengine wananyamaza, naye anaimba peke yake. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Sikuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti yake.

Baba aliipiga sahani hiyo mara moja kwa wiki, Jumapili, tukishatoka kanisani, kabla ya chakula. Hakuketi. Alisimama kando ya kinanda na mkono nyuma, ubeti wa pili ukaisha, akainua sindano. Nilimuuliza mara moja kwa nini hatusikilizi mpaka mwisho. Akasema zingine ni sauti za watu.

Mwaka ule stima ilikuwa ya mgao. Ilipotea asubuhi, ikarudi ghafla na nguvu, na taa zilikuwa zikiwaka kwa mwanga wa kutisha kabla hazijatulia. Jumapili moja ilirudi hivyo, na kinanda hakikuzunguka. Mwezi uleule kiwanda alichokifanyia Baba kazi miaka ishirini na moja, kule mtaa wa Baba Dogo, kikaanza kupunguza watu, na jina lake likawa ukurasa wa kwanza wa orodha. Alipanga kuirudisha nyumba ya kupanga na kwenda nyumbani, magharibi, kwenye shamba lake na nyumba ya vyumba viwili. Huko hakukuwa na stima, wala nguzo za stima, wala mtu aliyezungumza habari za nguzo. Kama hangeisikia sahani ile kabla ya kuhama, hangeisikia tena. Baba hakulisema hilo. Alisema tu kwamba lori la kuhamisha vitu litakuja Jumatano, wiki ya mwisho ya mwezi.

Fundi naye alikuwa na siku yake. Ukimuuliza kazi itakuwa tayari lini, alijibu, "Njoo Alhamisi." Hakutaja Alhamisi ipi. Ziwani neno hilo lilikuwa limekwisha kugeuka. Mtu akimwomba mwenzake kitu asichotaka kumpa, aliambiwa atakipata Alhamisi ya Fundi. Msichana akiulizwa ataolewa lini, alijibu hivyohivyo. Fundi aliyasikia yote haya akiwa hatua tatu tu kutoka barazani, na hakuwahi kukasirika wala kubadilisha siku.

Baada ya kupima kisanduku chetu kwa mita yake, alisema waya wa ndani umekatika, na hakuna njia ila kuuzungusha upya. Alifungua transfoma, akabandua utepe, akaanza kufungua waya wa zamani, mwembamba kama unywele, huku akihesabu mizunguko. Ulikuwa umepakwa vanishi kiwandani, kwa hiyo ulimvunjikia mkononi mara nyingi. Kila ulipovunjika alitafuta ncha na kuendelea. Hesabu ilitoka mizunguko elfu tatu na mia mbili. Aliiandika kwa chaki kwenye bati la ukuta. Sasa alitakiwa kuzungusha waya mpya idadi ileile, kwa mkono, kwa kifaa alichokitengeneza kutokana na pedeli ya baiskeli. Uzuri wake, alisema, hakikuhitaji stima.

Namna yake ya kuhesabu ndiyo iliyonifanya nikae kibandani siku nzima, mimi ambaye nilikuja kumfumania. Mkono wa kulia ulizungusha pedeli. Waya ulipita kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, na kwenye vidole viwili vya mwisho vya mkono huohuo ilining'inia tasbihi ya punje tisini na tisa. Kila mizunguko kumi ilipotimia, kidole kidogo kilisogeza punje moja. Tasbihi ilipomaliza duru, alichora mstari ukutani. Tasbihi mara tatu, na punje ishirini na tatu: hiyo ndiyo elfu tatu na mia mbili.

Nilimwambia mashine ndogo za kuhesabu zipo. Akasema anajua. Nilimwambia mtu anaweza kukadiria, kwamba mizunguko hamsini zaidi au pungufu kati ya elfu tatu si kitu. Nilikuwa nimesoma hesabu za kutosha kuthibitisha hilo, na nadhani nilikuwa sahihi.

Alisimamisha pedeli punje ilipotimia. "Nikikadiria, mwanangu, mama yako ataimba kwa sauti ya mtu mwingine."

Sikujua Baba alikuwa amemwambia habari za Mama.

Shida yake kubwa ilikuwa salamu. Mtaa ule hakuna aliyepita mbele ya mtu bila kumsalimu, na yeye hakuweza kuacha salamu ya mtu bila jibu, wala kujibu nusu. Kwa hiyo ulimsalimu, na yeye akaendelea kuzungusha kimya mpaka kumi yake itimie, ndipo akainua kichwa na kukujibu kwa ukamilifu, watoto, kazi, wagonjwa, wote. Wenyeji walizoea, wakasubiri. Wageni walishaenda zao wakinung'unika kwamba mzee ana kiburi, na jibu lao likabaki likielea njiani. Alitundika kibao kilichoandikwa NAHESABU. Hakikusaidia. Watu walikisoma kwa sauti, kisha wakasema, "Hesabu salama, Fundi," na hiyo nayo ikawa salamu ya kujibiwa.

Vijana walifanya vibaya zaidi.

"Mzee Fundi, niaje? Umefika ngapi? Mia saba na tatu!"

"Zii, ni mia nne na kenda!"

"Elfu mbili, na ukirudi nyuma ni sita!"

Mshona viatu aliwarushia kisigino cha kiatu. Fundi hakuwatazama. Midomo yake ilienda polepole, kidole kikasogeza punje, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi mzima, wanangu. Na nyinyi hamjambo?" Wakacheka mpaka wakainama. Lakini walijibu kwamba hawajambo.

Jambo ambalo sikulielewa kabisa ni kwamba hakupenda muziki. Mtu aliyetumia maisha yake kufufua vinanda hakuwahi kupiga wimbo kibandani mwake. Sahani ilipoanza kuzunguka aliitazama kidogo, akiwa ameinamisha kichwa, kisha akazima kabla sindano haijaguswa. Nilidhani ni dini. Nilimbana kwa hoja, nikamtajia kaswida, nikamtajia taarabu za nyumba za jirani zake. Aliniachia nikazimaliza hoja zote.

"Kazi yangu inaishia sahani inapozunguka," alisema. "Yanayotoka humo ni ya mwenyewe."

Nilienda nyumbani nikiwa nimekasirika, kwa sababu sikupata mahali pa kubishana.

Alikuwa na ukali pia, nisije nikamfanya mtakatifu. Alimfukuza mama mmoja aliyeleta redio iliyokwisha kufunguliwa na fundi mwingine. Hakugusa kitu kilichoguswa na mwenzake. Alikuwa mbishi kuhusu vipimo vyake, na ukimwonyesha kosa alinyamaza siku mbili. Mara moja nilimuuliza vipi kama alikosea hesabu alipokuwa akifungua waya wa zamani, maana ulikuwa ukikatika kila mara. Mkono wake ulisimama katikati ya kumi. Ndiyo mara pekee niliyomwona akisimama hapo. Kisha alifungua mizunguko yote ya asubuhi ile, akaanza upya, na hakusema nami mpaka siku iliyofuata. Nilijisikia mshindi, na ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimempotezea Baba nusu siku.

Waya ulikatika mara mbili zaidi katika wiki ya mwisho. Mara ya kwanza kwenye tasbihi ya pili. Mara ya pili mwanzoni kabisa. Jumatatu, siku mbili kabla ya lori, alifungua kibanda kabla mshona viatu hajafika, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Nilipofika, ukuta ulikuwa na mstari mmoja. Kufikia adhuhuri ulikuwa na miwili. Alienda kuswali, akarudi, akaendelea kutoka punje aliyokuwa ameifunga kwa uzi. Alasiri akachora mstari wa tatu. Zilikuwa zimebaki punje ishirini na tatu, yaani mizunguko mia mbili na thelathini. Mshona viatu alikuwa ameacha nyundo. Hata mimi nilikuwa nimeacha kuuliza maswali.

Punje kadhaa baadaye nikamwona Baba akija kutoka upande wa nyumba, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa akizunguka mtaa kuaga. Alikuwa ameanza kwa majirani wa upande wetu na sasa alikuwa amefika langoni. Nilitaka kumpungia mkono asubiri. Lakini kwa watu wetu mtu anayeaga hapungiwi mkono kama kuku, na kabla sijaamua, alikuwa amefika mbele ya kibanda, amevua kofia, amenyoosha mkono.

Hakusema kitu. Angesema, Fundi angemaliza kumi yake na kumjibu. Alinyoosha tu mkono, na mkono wa mtu anayekuaga hauwekwi kungoja. Fundi aliinua macho. Aliachia pedeli, akaupokea mkono wa Baba kwa mkono wa kulia, halafu, kama ilivyokuwa desturi yake kwa mtu wa heshima, akaufunika kwa mkono wa kushoto.

Tasbihi iliteleza kutoka vidoleni ikaanguka chini kwenye vumbi la solda, duara kamili, isiyo na mwanzo.

Walishikana mikono muda mrefu. Baba alimshukuru kwa yote. Fundi alimwombea safari njema na afya, akamuuliza kama mvua za huko zimeanza. Mshona viatu alitazama viatu vyake. Baba aliuliza, kwa upole, kama kuna lolote kuhusu kile kisanduku.

"Njoo Alhamisi," Fundi akasema.

Baba akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hakukuwa na Jumatano katikati. Sijui hadi leo kama aliiona ile tasbihi. Alipoondoka nilimwambia Fundi akadirie, tafadhali, hata kama zingezidi kidogo. Alikuwa amekwisha kuanza kufungua waya.

Lori lilikuja. Kinanda kilipanda juu ya magunia bila kisanduku chake, na sahani Baba aliikumbatia mwenyewe, imefungwa kwenye shuka. Kabla ya kufika ilikuwa imepasuka vipande viwili. Aliniandikia habari hiyo katika barua ya ukurasa mmoja, kwenye mstari mmoja, baada ya mahindi na kabla ya ng'ombe.

Chuo kilifunguliwa, nikamaliza, nikapata kazi ya kufundisha na nikaiacha, nikapata nyingine. Baba alifariki miaka michache baadaye, wakati wa mvua. Nilipokuwa nikipita Ziwani siku moja mchana nilikuta kibanda cha Fundi kimegeuzwa cha kuuza mitumba. Mshona viatu alikuwapo. Aliniambia mzee amekwenda kukaa kwa bintiye, mtaa wa Huruma, orofa ya nne, na macho yamezibwa na mtoto wa jicho.

Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mwangani, akiwa na shati lake jeupe. Binti yake alimwambia ni nani. Hakuhitaji, alikuwa amekwisha kunijua kwa sauti, akauliza kama bado nabishana na watu. Nikasema siku hizi nalipwa kwa kazi hiyo. Akacheka. Kisha alimwagiza bintiye alete kile cha chini ya kitanda.

Kilikuwa kisanduku chetu. Nilikigeuza bila kufikiri, na ile mistari miwili iliyokatana ilikuwapo.

"Nilimaliza," alisema. "Alhamisi ileile. Elfu tatu na mia mbili. Nilifunga mlango nikahesabu gizani, asije mtu kunisalimu. Pini zote zinatoa stima sawasawa, nilizipima. Nikakiweka, nikasema mtakuja." Alinigeuzia uso. "Kinanda mnacho?"

"Tunacho."

"Na sahani?"

"Ipo."

"Na Baba?"

Bintiye alikuwa jikoni. Nilikuwa na sifa ya mtu asiyedanganya hata kwa adabu. Nilikuwa nimeharibu harusi na misiba kwa sababu hiyo. Nikamwambia Baba hajambo, anasalimu, na atafurahi sana. Uso wake uligeukia dirishani. Alisema nimwambie asikaze plagi kwa nguvu, pini ya tatu imelegea.

Nilikibeba kisanduku kile kwa mikono miwili kushuka ngazi zote za jengo, na sikuwa na mahali pa kukichomeka.

Fundi naye amekwisha kufariki. Na ni juzi tu, miaka mingi baada ya hayo, nilipomtazama msichana mmoja fundi wa ofisini kwetu akifungua transfoma ya namna ileile. Hakugusa waya. Alibandua utepe wa nje kwa ukucha, akanionyesha kitu kidogo kama punje ya mchele kilichofichwa chini yake. Ni fyuzi, akaniambia. Stima ikija kwa nguvu, hiyo ndiyo hukatika, na mita ikipima husema waya umekatika. Mafundi wengi wa zamani hawakuijua, waliitupa pamoja na utepe. Alibadilisha kile kipande, akakiunganisha kwa solda, na kazi yote haikumchukua hata dakika kumi. Waya wenyewe, alisema, karibu kila mara huwa mzima.